Unataka kufunga seva ya ofisi? Soma hii kabla hujagusa kibodi

Jamaa kadhaa wamekuwa wakiniuliza hapa kafe, "Mshikaji nimepata kazi ya kufunga seva, nianzie wapi?" Nimechoka kurudia, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja. Mimi ni fomu foo tu, kompyuta nimejifunzia intaneti kafe Tandika, hivyo lugha itakuwa nyepesi.

Nianze na aibu yangu. Zahanati moja ya binafsi kule Mbagala walinipa kazi ya kuweka programu ya kusajili wagonjwa. Ikafanya kazi, nikalipwa nusu. Wiki ya sita umeme ukakatika na kurudi mara tatu usiku mmoja, diski ikafa. Bakapu ilikuwepo, ila niliiweka kwenye diski ile ile! Manesi walikaa siku nne wakinakili upya kutoka daftari la mapokezi, na majibu ya vipimo ambayo hayakuwa daftarini yakapotea moja kwa moja. Mama mjamzito mmoja ikabidi atolewe damu tena. Mganga mfawidhi akaniambia, "Mwanangu, hapa tunatunza watu, siyo kompyuta." Nusu ya pili sikuidai.

Sasa basi, mpangilio ni huu:

1. ULIZA KWANZA. Watumiaji wangapi kwa wakati mmoja? Wako jengo moja au wanaingia kutoka mbali? Nani atakuwa na funguo za chumba? Wakikosa mfumo siku nzima, nini kinaharibika? Andika majibu, wasaini.

2. UMEME. Usifunge seva bila UPS. Na UPS yenyewe iunganishe kwa waya na seva, ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. Luku ikiisha usiku hakuna wa kukimbilia.

3. JUA TABAKA. Chukua mfano wa DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya inatumia kukusanya takwimu za vituo vya afya nchi nzima. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na hapa kwetu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kubwa. Chini kuna Linux, juu yake kanzidata ya PostgreSQL, kisha Java na Tomcat, na mbele kabisa Nginx au Apache ya kupokea wageni. Matoleo lazima yaelewane, kwa hiyo soma maelezo ya toleo kabla ya kupakua, la sivyo utamaliza bando bure. Kwa Ubuntu chagua toleo la LTS, linapata marekebisho miaka 5.

4. FUNGA MILANGO. DHIS2 ikiwa mpya inafunguka kwa jina "admin" na neno la siri "district", na dunia nzima inajua. Programu nyingi ziko hivyo, kwa hiyo badilisha siku hiyo hiyo. Fayawoli iruhusu poti 443 kwa watumiaji, na poti 22 kwako tu. Poti 5432 ya kanzidata na 8080 ya Tomcat zisionekane nje kabisa. Cheti cha usalama kipo cha bure, Let's Encrypt. Kila mtu awe na akaunti yake, mambo ya manesi wote kutumia neno moja hapana.

5. MAREKEBISHO. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Dawa yake Microsoft walishaitoa Machi mwaka huo huo! Miezi miwili watu wamelala tu.

6. BAKAPU. Nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 iwe nje ya jengo. Amri ya pg_dump inaweza kujiendesha kila usiku. Halafu kila mwezi ijaribu kwa kuirudisha kwenye kompyuta nyingine. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

7. SHERIA. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Habari za ugonjwa wa mtu ni taarifa nyeti. Ukitoka na faili la wagonjwa kwenye flashi ukalifungulie kafe, unajitafutia kesi.

Mwisho, bei. Usikubali kulipwa kwa kufunga tu. Andikianeni na malipo ya matunzo ya kila mwezi, kwa sababu kazi yenyewe inaanza siku ile unapoondoka.

Kwenye zahanati ile nilirudi, nikafunga upya bila malipo kwa mpangilio huu. Umeme bado unakatika, ila asubuhi manesi wanakuta majina ya watu wao yapo.

Kama kuna nilipokosea, wakubwa nisahihisheni hapo chini. Naomba kuwasilisha.