Nguo Patanifu: Istilahi na Maana Yake

"Capsule wardrobe" ni istilahi ya Kiingereza inayotaja mkusanyo wa nguo chache zilizochaguliwa ili karibu kila moja iweze kuvaliwa na karibu kila nyingine. Fasili hiyo ina mambo mawili ndani yake, uchache na kupatana. Wengi wanaolifuata wazo hili hushika la kwanza wakasahau la pili. Makala haya yanatetea la pili, kwa sababu ndilo linaloibeba istilahi yenyewe na ndilo linalostahili kusikika katika jina lake la Kiswahili.

Magazeti ya Marekani yalikuwa tayari yanalitumia jina hilo katika miaka ya 1940, kwa maana ya nguo kidogo zilizobuniwa makusudi zivaliwe pamoja, zikiwiana kwa rangi na kwa mkato. Aliyelipa umaarufu ni Susie Faux, mwanamke wa London aliyekuwa na duka la nguo lililoitwa Wardrobe. Katika miaka ya 1970, wakati wanawake wa Uingereza wakizidi kuingia katika kazi za ofisini, yeye aliwashauri wateja wake wanunue nguo chache za msingi zenye kitambaa kizuri na mshono imara, zisizopitwa na wakati upesi: sketi, suruali, koti. Juu ya msingi huo mtu angeongeza kitu kimoja kimoja cha msimu. Yafaa tuuzingatie ushauri huo jinsi ulivyokuwa, maana ulihusu kununua. Habari ya kutupa ilikuja baadaye.

Mwaka 1985, New York, mbunifu Donna Karan alitoa mkusanyo alioupa jina la "Seven Easy Pieces", yaani vipande saba rahisi. Msingi wake ulikuwa bodisuti, vazi la kubana linaloshika kiwiliwili chote na kufungwa chini kwa vifungo, na juu yake vikaja vipande vingine kama vile sketi ya kujifunga. Mwanamke angetoka nyumbani asubuhi, akashinda kazini, na jioni akabadilisha kipande kimoja tu na kwenda kwenye chakula cha usiku.

Kisha mwaka 2010 Mmarekani Courtney Carver alianzisha Project 333: vitu 33 kwa miezi mitatu. Katika hesabu yake vimo viatu, mapambo na makoti. Hazimo nguo za ndani, za kulalia, za kushindia nyumbani, za mazoezi, wala pete ya ndoa. Kanuni hiyo imewasaidia watu wengi kuanza, lakini imeleta na kasoro yake: namba imekuwa ndiyo habari. Watu huulizana, "Wewe umebaki na ngapi?" Mimi naona namba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika wazo hili, kwa kuwa mtu anaweza kubaki na nguo ishirini zisizosalimiana.

Hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo. Chukua blauzi tano na nguo za chini nne, tuseme sketi mbili na suruali mbili. Ikiwa kila blauzi inakubali kila nguo ya chini, una mavazi 20. Ongeza koti moja linalokubali yote, uvae nalo au uliache, yanakuwa 40. Ongeza na sweta la kushika nafasi ya koti, yanafika 60. Nguo zenyewe ni 11 tu. Sasa turudi kwenye yale mavazi 20 ya mwanzo tubadilishe jambo moja: sketi zote mbili ziwe za maua makubwa, kila moja ikikubali blauzi mbili peke yake. Suruali bado zinatoa mavazi 10, sketi zinatoa manne, jumla 14. Hukupoteza nguo hata moja na fedha uliyotumia ni ileile, lakini mavazi sita yametoweka. Ndiyo maana wapo watu ambao milango ya makabati yao haifungiki, na bado kila asubuhi wanalalamika kwamba hawana la kuvaa. Lalamiko lao ni la kweli.

Kinachoamua zaidi upatanifu huo ni rangi. Nguo za chini na koti, ambazo huvaliwa mara nyingi, hufaa ziwe za rangi tulivu: nyeusi, kijivu, kaki, hudhurungi, bluu iliyokoza. Rangi za kuchangamsha, kama damu ya mzee au manjano, hukaa vizuri juu karibu na uso, kwenye blauzi au mtandio. Baada ya rangi hufuata mkato. Koti linaloishia kiunoni linakubali gauni na suruali pia, ilhali blauzi ndefu pana juu ya sketi pana humfanya mtu apotee ndani ya nguo, hata rangi zikipatana vipi.

Hapa kwetu swali gumu ni kitenge. Mafundisho ya London yalikulia katika vitambaa vya rangi moja, na kitenge kina maua, ndege na mistari inayojitosheleza. Vitenge viwili tofauti ni nadra kuvaliwa pamoja vikapendeza. Wapo wanaohitimisha kwamba mwenye kupenda vitenge hawezi kulifuata wazo hili. Sikubaliani nao, kwa sababu kitenge kinaweza kuwa ndicho chimbuko la mkusanyo wote. Pale Kariakoo utawaona wanawake wakiingia duka la vitambaa na kipande cha kitenge mkononi, mabaki waliyorudishiwa na fundi, wakikilaza juu ya jora hili na lile la kitambaa kisicho na maua. Halafu humwomba mwenye duka ruhusa, wakatoka na ncha ya kitambaa hadi mlangoni kukitazama kwenye mwanga wa jua, maana taa ya dukani huifanya bluu ionekane nyeusi. Wanawake hao wanaijua kazi hii.

Tuseme kitenge chako kina bluu, damu ya mzee na rangi ya maziwa. Badala ya kumwambia fundi ashone gauni, mwambie ashone blauzi na sketi zinazoweza kuachana. Kisha tafuta sketi ya bluu, suruali ya damu ya mzee na blauzi ya rangi ya maziwa. Gauni lingekuwa vazi moja. Vipande hivi vitano vinakupa mavazi sita, na kitenge kimo katika manne kati ya hayo.

Kuhusu mitumba, uhusiano wake na istilahi hii ni wa karibu kuliko tunavyodhani. Mwanamke wa Manchester au Chicago akipunguza nguo zake, nyingi huenda kwenye maduka ya hisani. Zisizouzwa huko huchambuliwa, hufungwa marobota na kusafirishwa, na sehemu yake hufika katika masoko kama Gikomba, Karume na Owino. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikapinga, na Rwanda iliposhikilia ushuru wake, mwaka 2018 ilisimamishiwa nafasi ya kuingiza nguo zake Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kwa hiyo yule anayefungasha mifuko ya nguo na kujisikia mwepesi hajaimaliza safari ya nguo hizo. Ameihamishia kwa wengine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ushauri wa Susie Faux ulianza dukani. Aliyenunua kwa kuangalia upatanifu hana mengi ya kutupa.

Na kwenye mitumba ndipo sisi hushindwa zaidi. Bei ni nafuu, kila nguo inauzwa peke yake, na kila moja ni nzuri peke yake. Belo likifunguliwa asubuhi, mikono inakimbilia kitambaa laini na rangi inayong'aa, na hakuna anayeuliza itavaliwa na nini. Anayekwenda sokoni akiwa amevaa sketi ile anayoitafutia blauzi hununua vizuri kuliko anayekwenda na fedha tu. Anaiweka blauzi juu ya sketi, anaona hapohapo, anachukua au anaiacha.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kuhamishwa kama lilivyo. Miezi mitatu ya Project 333 inalingana na majira manne ya nchi za baridi, ambako makoti mazito hutolewa na kurudishwa ndani kila mwaka. Dar es Salaam au Mombasa hakuna haja hiyo, ingawa mtu wa Iringa au Limuru atatafuta sweta ifikapo Juni. Kwa wengi wetu nguo hugawanyika kwa shughuli: kazini, ibadani, harusini, msibani. Sare ya harusi ya binamu, kitenge cha kikundi cha akina mama, doti ya kanga uliyopewa na mama mkwe, hizo hazipatani na chochote na hazidaiwi kupatana. Zinashikilia undugu na ujirani. Ziwekwe nje ya hesabu kama Carver alivyoziweka nje nguo za mazoezi, na asiwepo mtu wa kumwambia mwenzake azitupe kwa kuwa kanuni imesema.

Sasa tuje kwenye jina. Tafsiri sisisi itatupa "kabati la kapsuli", nayo haifai. Kwa Kiingereza "wardrobe" ni kabati na pia ni nguo zote alizonazo mtu. Kwa Kiswahili "kabati" ni samani kwanza, na katika nyumba nyingi ukilitaja bila kuongeza "la nguo" watu watafikiria lile la vyombo lililoko sebuleni. "Kapsuli" nayo ni ya dawa. Asili yake katika Kilatini ni kijisanduku, taswira nzuri ya kitu kidogo kinachobeba yote yanayohitajika, lakini taswira hiyo haikuvuka pamoja na neno.

"Nguo chache" na "kabati dogo" yanataja uchache pekee, na uchache una sababu nyingi. Mwenye nguo tatu kwa sababu hana fedha ya kununua ya nne hajachagua chochote, na si haki kuiita dhiki yake kwa jina la mtindo. "Sare" inakaribia, kwa kuwa ni neno la nguo zinazovaliwa kwa makubaliano, lakini sare hudai kufanana, ilhali hapa tunataka nguo zinazotofautiana na bado zikapatana. "Seti" imekwishachukuliwa na vipande vinavyouzwa pamoja.

Njia bora ni kusikiliza vitenzi ambavyo watu huvitumia mbele ya kioo na mbele ya fundi: zinaendana, zinaoana, zinapatana, na kwa vijana, zinamechi. Kati ya hivyo mimi nachagua kupatana, kwa sababu kinazaa kivumishi kilicho tayari, "patanifu", kwa njia ileile iliyotupa angalifu kutokana na kuangalia na sahaulifu kutokana na kusahau. Vivumishi vya namna hiyo hutaja tabia ya kudumu. Mtu msahaulifu si yule aliyesahau leo tu, na nguo patanifu si ile iliyoendana na sketi fulani mara moja, bali ile yenye tabia ya kukubaliana na wenzake.

Neno hili linaingia katika sentensi bila kusukumwa. "Ana nguo patanifu 30." "Koti hili halimo katika nguo zangu patanifu." "Fundi, naomba unishonee sketi patanifu na blauzi hii." Tunapata jina "upatanifu" kwa ajili ya sifa yenyewe, na kitenzi "kupatanisha" kwa ajili ya kazi ya kuchagua, kitenzi ambacho kila Mswahili anakijua kwa habari ya watu waliogombana. Mkusanyo ukihitaji kutajwa kwa ukamilifu, "mkusanyo wa nguo patanifu" unatosha, na katika mazungumzo "nguo patanifu" itaeleweka.

Naomba wahariri wa kurasa za mitindo walitumie neno hili katika matoleo yao, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilipime pamoja na mengine yatakayopendekezwa. Mafundi cherehani nao, kama wana neno lao linalosema jambo hilihili kwa ufupi zaidi, walitoe, kwa sababu wao ndio wanaomsikia mteja kila siku akiomba nguo iendane na nyingine.