Kisa cha Gharaniq na Uzito wa Ushahidi

Wengi walikisikia kisa cha Gharaniq kwa mara ya kwanza mwaka 1988, riwaya ya Salman Rushdie ilipozusha ghadhabu. Wanazuoni wa Kiislamu, hata hivyo, walikuwa wamekijadili kwa karne nyingi kabla ya hapo.

Mapokezi yanasimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akisoma Sura ya An-Najm mjini Makka. Yalipotajwa masanamu Lata, Uzza na Manata, shetani akapenyeza maneno ya kuyasifu. Makureshi wakafurahi, wakasujudu pamoja na Waislamu. Kisha Jibrili akamsahihisha Mtume, na maneno yale yakafutwa. Tabari, aliyefariki mwaka 923, ameyanukuu mapokezi hayo katika tarehe yake na katika tafsiri yake. Bukhari ametaja sijda ya pamoja tu, bila ya maneno hayo.

Kadhi Iyadh, aliyefariki mwaka 1149, alikikataa kisa hiki kwa hoja mbili: hakina sanad sahihi iliyoungana, na Mtume amehifadhiwa na kosa katika kufikisha wahyi. Ibn Taymiyya alikikubali. Kwake yeye, kuhifadhiwa maana yake ni kwamba kosa haliachwi likadumu. Na anayekiri kusahihishwa ndiye mkweli. Ibn Hajar, bingwa wa hadithi, aliona kwamba wingi wa njia za mapokezi unaonyesha kisa kina asili. Wapinzani hujibu kwamba uvumi mmoja waweza kupita katika vinywa vingi.

Shahab Ahmed, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2017, alidai kwamba Waislamu wa karne mbili za mwanzo kwa jumla walikikubali kisa hiki, na kwamba ukanushaji ulipata nguvu baadaye.

Hapa pana maswali mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha. La kwanza ni la historia: je, tukio lilitokea? La pili ni la itikadi: Mtume ni nani? Anayelijibu la kwanza kwa kutumia la pili peke yake hajapima ushahidi. Na anayedhani kwamba wingi wa mapokezi umelimaliza la pili hajaielewa imani.

Iyadh na Ibn Taymiyya walihitilafiana katika jambo linaloigusa Kurani yenyewe, na wote wawili wangali wanasomwa. Mwanafunzi anayeuliza leo astahili kujibiwa kwa hoja, kama wao walivyotoa hoja zao. Kumnyamazisha ni kuutupa urithi tunaodai kuulinda.