Ford Escort RS: Gari la Uingereza lililotamba Safari Rally

Rongai, mji mdogo ulio magharibi mwa Nakuru, usichanganywe na Ongata Rongai iliyo karibu na Nairobi. Mji huu umezungukwa na mashamba ya mahindi na mkonge, na udongo wake hutoa vumbi laini wakati wa kiangazi na kuwa utelezi mvua inaponyesha. Barabara za namna hiyo za Bonde la Ufa ndizo zilizoyapa magari mtihani mgumu katika Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953.

Kwa karibu miongo miwili, ushindi ulibaki mikononi mwa madereva waishio Afrika Mashariki. Ilisemekana kuwa mgeni hawezi kushinda. Mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland na msoma ramani wake Gunnar Palm wa Sweden walivunja mwiko huo wakiwa na Ford Escort RS1600.

Escort ya kawaida, iliyozinduliwa mwaka 1968, ilikuwa gari la familia lisilo na makuu. Siri ya RS1600, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa injini iitwayo BDA, iliyobuniwa na kampuni ya Cosworth. Kila silinda kati ya nne ilikuwa na valvu nne: mbili za kuingiza hewa na petroli, mbili za kutoa moshi. Hivyo injini ilipumua vyema zaidi katika mwendo wa kasi. Mkanda wa mpira wenye meno ndio uliozungusha kamshafti mbili zilizo juu ya injini.

Ukubwa wa injini, sentimita za ujazo 1,601, ulichaguliwa kwa makusudi. Kwa kuvuka kidogo tu mpaka wa 1,600, gari liliingia katika daraja la juu, ambako mafundi waliruhusiwa kuipanua injini hadi karibu 2,000.

Sehemu nyingine zilikuwa sahili. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma gari, na ekseli yake ilibebwa na springi za mabamba ya chuma. Bodi iliimarishwa ili istahimili mashimo. Usahili huo ulikuwa na faida kubwa, kwani gari lililoharibika porini lingeweza kutengenezwa upesi.

Mwaka 1977, Björn Waldegård na Hans Thorszelius, wote wa Sweden, walishinda kwa mrithi wake, RS1800, licha ya mvua kubwa na matope. Lakini zama zilikuwa zikibadilika. Audi Quattro, iliyoingia katika mashindano ya dunia mwaka 1981, ilidhihirisha kwamba nguvu ikigawanywa kwa magurudumu yote manne, gari hushika barabara vyema zaidi.

Hata hivyo Escort haikusahaulika. Mwaka 2007, miaka 30 baada ya ushindi wake wa kwanza, Waldegård alishinda mashindano ya Safari ya magari ya kale akiendesha Escort.