Dakika Nane Kabla ya Saa Tisa

Saa 8:00 mchana. Jumamosi, Aprili 15, 1989, mjini Sheffield, Uingereza. Nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Watu 10,100 wenye tiketi za kusimama upande wa magharibi wa uwanja wamewekewa milango saba tu ya chuma ya kuzunguka. Piga hesabu: zaidi ya watu 1,400 kwa kila mlango, mmoja mmoja.

Saa 8:30. Maelfu bado wako nje, wanabanana.

Saa 8:52. Polisi wanafungua lango kubwa la kutokea ili kupunguza msongamano. Kwa dakika kama tano wanaingia watu wapatao 2,000. Mbele yao kuna handaki linalopita chini ya jukwaa. Mwishoni sakafu inateremka, mita moja kwa kila mita sita. Mwenye kundi mgongoni hasimami hata akitaka. Handaki linafungukia kwenye vizimba viwili vya katikati, navyo vimeshajaa. Vya pembeni vina nafasi, lakini hakuna aliyewekwa mlangoni awaelekeze huko.

Vizimba hivyo navyo vina kisa chao. Mwaka 1981 mashabiki walibanwa hapo hapo, 38 wakaumia. Dawa iliyopatikana ikawa nyuzio za kulikata jukwaa vipande, na ndizo zilizowanyima watu upenyo wa kuponea pembeni. Cheti cha usalama kilibaki kile kile cha 1979.

Saa 9:00. Mpira unaanza.

Saa 9:04. Peter Beardsley wa Liverpool anagonga mtambaa panya. Katika dakika hizo hizo chuma cha kuegemea ndani ya kizimba namba 3 kinang'oka, na waliokuwa nyuma yake wanaporomoka mmoja juu ya mwenzake.

Saa 9:06. Refa anasimamisha mchezo. Walioketi jukwaa la juu wanawavuta watu kwa mikono. Wengine wanang'oa mabango ya matangazo yawe machela.

Usiku. Ukumbi wa mazoezi wa uwanjani umegeuzwa chumba cha maiti. Kabla ya kuonyeshwa miili, familia zinatafuta sura za watu wao katika picha zilizobandikwa.

Walikufa 97. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Wa mwisho alifariki 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Polisi waliwatupia lawama mashabiki, na wengi wakaamini. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likawaondolea mashabiki lawama, likautaja na ujenzi wenyewe wa uwanja, vizimba na vyuma vyake, miongoni mwa yaliyochangia vifo.