Makerere na Mfuko wa Serikali

Asimamaye Nakivubo, bondeni penye kiwanja cha michezo kilichoanzishwa mwaka 1926, hukiona kilima cha Makerere upande wa kaskazini-magharibi. Huko kilimani, mwaka 1922, vijana 14 walianza kufundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Serikali ya kikoloni ililipa kwa kuwa ilihitaji mafundi. Wanazuoni ilikuwa haijawahitaji.

Tume ya De La Warr iliposhauri, mwaka 1937, kwamba Makerere iwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, fedha zilipatikana, na jengo kuu likakamilika 1941. Chuo basi kilipata paa kabla ya hadhi: kilifungamana na Chuo Kikuu cha London 1949, kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, kikajitegemea 1970.

Kujitegemea huko kulikuwa kwa jina tu. Mkoba ulibaki serikalini. Posho za wanafunzi zilipopunguzwa, waligoma, na Desemba 1990 polisi waliwaua wawili kwa risasi. Sisi walimu hatuwezi kulipita jambo hilo upesi. Ndipo wakaja wanafunzi wa kujilipia, madarasa ya jioni yakafurika, ilhali majengo na walimu ni wale wale.

Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 jengo kuu liliungua. Safari hii serikali haikubembelezwa sana: iliahidi kulijenga upya, nalo likafunguliwa tena 2024, likiwa na sura ile ile ya 1941.