Mto Usiotoka Ziwani

Leo twataka kunena habari za mto Ruvuma. Jina lake lajulikana na kila mtoto wa shule, lakini njia yake si wengi waijuao. Mtu atokaye Songea, akapita Kigonsera na Mbinga, kisha akateremka mpaka Mbamba Bay, huwa amevuka mgongo wa nchi ugawao maji. Mvua inyeshayo upande mmoja wa milima ya Umatengo hushuka Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire na kuingia Zambezi. Inyeshayo upande wa pili hufuata vijito hata Ruvuma. Hivyo matone mawili ya wingu moja huweza kufika Bahari ya Hindi mahali pawili palipo mbali sana.

Jambo hili laonekana jepesi, lakini lilimsumbua Dokta Livingstone miaka mingi. Baada ya kulifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859, alitamani njia nyingine ya maji ya kuliendea kutoka baharini, kwa kuwa mlango wa Zambezi ulikuwa mikononi mwa Wareno. Akatumaini kwamba Ruvuma ndiyo njia hiyo.

Mwezi wa Machi 1861 aliingia mlango wa Ruvuma kwa merikebu ya moshi iitwayo Pioneer. Hapo mto ni wa bahari kama ulivyo wa nchi. Maji yajaapo, bahari husukuma mto nyuma katikati ya mikoko. Yapwapo, mto hushuka tena na mafungu ya mchanga huonekana. Siku za bamvu, yaani karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani hiyo hupita mita 3. Sisi wa bara, tuliozoea mto uendao upande mmoja tu, twaona ni ajabu. Mvuvi wa pwani hupanga safari zake kwa hayo. Lakini nguvu ya bahari haifiki mbali. Pioneer ilipanda maili 30 hivi tu. Maji ya mto yakawa yakipungua kila siku, ikabidi irudi isije ikakwama.

Mwaka huo huo, Livingstone alipokuwa ziwani, aliwauliza wenyeji. Majibu hayakupatana: huyu alisema mashua yaweza kutoka ziwani na kuingia Ruvuma, yule alisema sharti mtu atembee nchi kavu. Septemba 1862 akajaribu tena mtoni, kwa mashua. Ilikuwa kiangazi, maji haba. Walipanda maili 156 kwa kufuata mapindo ya mto, hata wakafika penye miamba na maporomoko, wakarudi. Mwaka 1866 alikwenda kwa miguu kutoka Mikindani, akapita Ngomano, akapanda nchi ya milima kabla ya kuteremka ziwani tarehe 8 Agosti.

Kwa maoni yetu, mto wenyewe ulisaidia kuwadanganya watu. Chanzo chake ki katika milima ya Matogoro, karibu na Songea. Nao haukimbilii bahari, bali huelekea kwanza magharibi, kisha kusini, halafu mashariki. Mtu auonaye huko chini, ukija kutoka upande wa ziwa, angeweza kuapa kwamba Nyasa ndiye mama yake. Lakini ziwa li mita 475 hivi juu ya bahari, na milima ya Umatengo yapita mita 1,500. Maji hayapandi mlima.

Mito iulishayo Ruvuma ni mingi. Muhuwesi watoka nchi ya Tunduru. Lujenda, utokao Msumbiji upande wa Ziwa Chiuta, ni mkubwa karibu sawa na Ruvuma wenyewe, nao huungana pale Ngomano. Wadachi na Wareno walipogawana nchi mwaka 1886, walifuata mto kutoka baharini mpaka uingiapo Msinje. Kutoka hapo mpaka uliuacha mto, ukakatwa moja kwa moja hata ziwani. Ndiyo sababu Ruvuma ya juu yote i ndani ya Tanzania, na ya chini twaigawana na jirani zetu. Mwaka 2010 Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa kati ya Mtambaswala na Ngomano, karibu na maungano yale ya Lujenda.