Vinasaba na Kuoza kwa Meno: Mfano wa Miteremko ya Kilimanjaro

Kuoza kwa meno husababishwa na asidi inayoyeyusha madini ya jino. Asidi hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno, hasa Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. Kilian Clarke jijini London mwaka 1924. Bakteria hao wakipata sukari huichachua, na pH ikishuka chini ya takribani 5.5, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate huipunguza asidi na kurudisha madini. Upotevu ukizidi urejeshaji kwa muda mrefu, jino hutoboka.

Vinasaba huathiri kila hatua ya mvutano huo. Ndiyo maana watoto wawili wa kihamba (shamba la ukoo) kimoja cha Kibosho au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waliolelewa kwa chungu kimoja, wanaweza kutofautiana: mmoja meno yote mazima, mwingine magego yote mabovu.

Ukubwa wa mchango wa urithi

Tafiti hulinganisha mapacha wa yai moja, wenye vinasaba vinavyofanana, na mapacha wa mayai mawili. Makadirio mengi yanaonyesha kwamba asilimia 40 hadi 65 ya tofauti za kuoza kwa meno miongoni mwa watu waliochunguzwa inahusiana na urithi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulitambua maeneo 47 ya vinasaba yanayohusiana na hali ya meno. Kila eneo huongeza au kupunguza hatari kidogo sana. Kwa hiyo hakuna kinasaba (jeni) kimoja cha meno mabovu, hata kama familia husema meno yao ni ya ukoo.

Njia ambazo jeni hupitia

Njia ya kwanza ni ujenzi wa enameli. Jeni AMELX na ENAM hutoa protini zinazoongoza upangaji wa madini. MMP20 na KLK4 hutoa vimeng'enya vinavyoziondoa protini hizo ili enameli ikomae. Seli za ujenzi hufa kabla jino halijachomoza, hivyo kasoro iliyotokea utotoni hubaki. Mabadiliko makubwa katika jeni hizi huleta ugonjwa adimu wa enameli dhaifu. Mabadiliko madogo, yaliyo ya kawaida, huweza kulifanya jino liwe rahisi zaidi kuyeyuka.

Ya pili ni mate. AQP5 hushiriki kupitisha maji kwenye tezi za mate, na CA6 hutoa kimeng'enya kinachosaidia kupunguza asidi. Ya tatu ni kinga: jeni kama DEFB1 huathiri namna mwili unavyokabiliana na vijidudu vya kinywani.

Ya nne ni ladha. Tofauti katika TAS1R2, jeni ya kipokezi cha utamu, zimehusishwa na kuoza kwa meno. Mfano ulio wazi zaidi ni wa ALDOB. Watu wenye kasoro fulani za jeni hiyo huugua wakila sukari ya matunda au sukari ya kawaida, hivyo huviepuka vitu vitamu tangu utotoni. Wengi wao wana meno mazuri mno. Hapa jeni haikuliimarisha jino. Imeiondoa sukari mezani.

Mazingira ya Moshi

Ndizi, pamoja na mapishi yake kama kiburu na mtori, ndicho chakula cha asili cha miteremko ya Kilimanjaro iliyo juu ya mji wa Moshi. Chini yake, Arusha Chini, kampuni ya sukari ya TPC ilianzishwa mwaka 1930. Leo chai yenye sukari nyingi, soda na biskuti hupatikana hata kwenye maduka ya vijijini. Vinasaba vya jamii havibadiliki ndani ya kizazi kimoja au viwili, lakini ulaji hubadilika. Meno ya jamii nzima yakizidi kuoza, sababu itafutwe kwanza kwenye chakula.

Floraidi nayo ina nafasi yake. Kwa kiasi kidogo hulisaidia jino kukataa asidi; ikizidi wakati meno yanajengwa, huleta madoa ya kahawia na vishimo. Chemchemi nyingi za upande wa kusini wa Kilimanjaro zina floraidi kidogo. Kuzunguka Mlima Meru vyanzo vingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, ukomo unaoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Hata penye maji mazuri, magadi ya kulainishia chakula huweza kuongeza floraidi. Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2000 ulihusisha vyakula vya kulikizia vyenye magadi na madoa ya meno. Urithi umo humu pia: panya wa koo mbalimbali za maabara waliopewa floraidi sawa walipata madoa kwa viwango tofauti kabisa.

Mipaka ya elimu hii

Tafiti nyingi kubwa za vinasaba vya meno zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Alama za hatari zilizopatikana kwingine haziwezi kutumiwa moja kwa moja kwa mtoto wa Moshi. Isitoshe, asilimia ya urithi hutegemea mazingira. Pale ambapo hakuna anayekula sukari nyingi, udhaifu wa kurithi hukosa nafasi ya kujitokeza.

Maana kwa familia

Kipimo cha vinasaba hakihitajiki ili kumlinda mtoto. Historia ya meno ya wazazi na ya ndugu zake yatosha kumtahadharisha daktari kwamba mtoto huyo achunguzwe mapema na mara nyingi zaidi. Meno yake yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu. Vitu vitamu vipunguzwe, hasa kati ya mlo na mlo. Na magadi yasiwekwe kwenye chakula chake.

Mama ambaye mtoto wake mmoja ameoza meno si lazima awe mzembe kuliko jirani. Huenda mtoto huyo amezaliwa na kinga ndogo zaidi dhidi ya sukari ileile. Mama huyo anastahili msaada zaidi, wala si lawama.